Bia Nyeusi ya Ghattas

Mdogo wangu Shibli alipoanza kutengeneza bia nyeusi ndani ya ghala la marehemu baba, mama alimwambia kwamba baba angekuwa hai angehama nyumba. Baba alikuwa mtu wa araki, ile pombe kali ya zabibu inayotiwa anisi. Ghala lile lililo chini ya nyumba yetu, kwenye mteremko unaotazama mji wa Zahle, lilichimbwa kwa ajili ya mitungi ya araki, na mpaka leo ukishuka ngazi harufu ya anisi inakupokea kabla macho hayajazoea giza. Shibli akaliweka pipa lake la plastiki katikati ya mitungi hiyo bila haya. Majirani wakaja kuonja, wakakunja nyuso, wakasema ni dawa ya kikohozi, kisha kila mmoja akaomba chupa ya kwenda nayo.

Mimi naitwa Nazira. Sikuolewa, nashona mapazia katika chumba cha mbele, na katika shughuli hii ya bia cheo changu ni kuosha chupa. Nasema cheo kwa sababu chupa chafu huharibu kazi ya wiki nzima, na Shibli, pamoja na ujuzi wake wote, hajui kuosha hata glasi aliyonywea mwenyewe.

Bia si araki. Araki ukishaipika umemalizana nayo. Unaitia mtungini, na kadiri unavyoisahau ndivyo inavyonoga. Bia ina uhai ndani yake. Hamira inakula sukari ya kimea, inapumua, inalipasha pipa joto, na ukiiachia joto likapanda mno inakuletea harufu ya rangi ya kucha. Kwa umeme wetu huu, ambao serikali inautoa ikikumbuka na mwenye jenereta ya mtaa anautoa akipenda, huwezi kutegemea friji. Shibli hulisimamisha pipa ndani ya beseni la maji, analivisha taulo bichi, na asubuhi na jioni anashuka kulibadilishia kama mgonjwa wa homa. Juu ya kifuniko kuna mrija unaoingia kwenye chupa ya maji, na pumzi ya hamira inatokea hapo, bulu, bulu, bulu. Ikinyamaza, anatumbukiza kipimo chake cha kioo kinachoelea. Kipimo kisiposogea kwa siku kadhaa, sukari imekwisha, na hapo ndipo unapoweza kutia vikolezo na kujaza chupa. Ukiwa na haraka, hamira inaendelea kula ndani ya chupa iliyozibwa. Mwaka wa kwanza alikuwa na haraka, na chupa zilivyopasuka mchana ule mama alilala chini akidhani vita vimerudi.

Huku kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la babu yake. Baba aliitwa Ghattas, kwa hiyo Shibli hata hajaota ndevu watu walikuwa wakimwita Baba Ghattas, kwa jina la mwana atakayemzaa. Mkewe Rindala aliposhika mimba ya kwanza, Shibli alitengeneza bia nzito, yenye nguvu, na ilipotulia akaitia kisibiti, anisi na mdalasini. Hivyo ndivyo vikolezo vya meghli, ule uji mzito wa unga wa mchele ambao kila nyumba hupika mtoto akishazaliwa, wageni wakapewa kwenye vibakuli na lozi juu yake. Alitaka wageni waile meghli na kuinywa pia. Sote tuliona ni wazo zuri. Mama tu ndiye alisema, kwa sauti ya chini, kwamba meghli haipikwi kabla ya mtoto kulia. Shibli akamjibu kwamba hii si meghli, ni bia. Akajaza chupa na kuzipanga kwenye rafu ya nyuma.

Mtoto alizaliwa mimba ikiwa na miezi minane, wa kiume, na hakulia. Padri alimzika pembeni mwa kaburi la baba wakati Rindala bado yuko hospitalini. Watu hawakujua wafanye nini. Msiba una kahawa chungu isiyo na sukari, uzazi una meghli. Kwa mtoto wa namna ile hapakuwa na kitu cha kumpa mgeni mkononi, basi hatukutoa chochote. Mama Tanus wa ng'ambo ya barabara alifika mpaka langoni, akasimama pale na mkoba wake, akarudi kwake. Tangu hapo hakuna aliyemwita Shibli Baba Ghattas. Na mama, katika uchungu wake, alinena neno jikoni ambalo nilitamani limrudie kooni. Alisema tulipika meghli mapema. Rindala alikuwa koridoni, akalisikia lote.

Zile chupa hazikufunguliwa wala hazikumwagwa. Zilikaa kwenye rafu yao zikipata vumbi, na mimi ninayeosha kila chupa ya ghala lile sikuzigusa.

Mimba ya pili ilipokuja, nyumba nzima ilianza kunyata. Mama alitoa amri bila kutoa amri. Hakuna aliyenunua nguo wala nepi. Kitanda cha mtoto alichotaka kutuletea binamu yetu kiliambiwa kingoje kwanza. Jina halikutajwa. Mtu akimuuliza Rindala habari za tumbo, mama anadandia mazungumzo na kuuliza bei ya nyanya. Rindala alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na cherehani yangu, mkono juu ya tumbo, anatabasamu kwa adabu. Niliona anakonda usoni huku tumbo linakua, na nilimwambia mama mara mbili kwamba tunamnyima pumzi yule binti. Mama alinijibu kwamba mimi sijui mambo ya uzazi. Hilo ni jibu lake kwangu kwa kila kitu, pamoja na hali ya hewa.

Pamoja na hayo yote Shibli hakuweza kujizuia. Mwezi wa Aprili alitengeneza bia nyeusi nyingine, nzito kama ile ya kwanza, na kumwahidi mama kwamba ataiacha hivyo hivyo ndani ya pipa. Vikolezo ataweka mtoto akishalia, ndipo atajaza chupa. Mama akakubali. Kwa mtu wa araki mpango huo ulikuwa hauna kasoro yoyote, maana araki haina shida na kungoja. Lakini hamira haikuwa imeambiwa. Ilikula sukari yake yote ikanyamaza, kipimo kikaganda mahali pamoja, Mei ikaingia na joto lake, na lile tope la hamira lililolala chini ya pipa likaanza kuoza. Siku moja Shibli alivuta kidogo kwa mpira, akaonja, akanipa na mimi. Ilikuwa imeanza kuwa na ladha ya mpira wenyewe. Akasema ikibaki pale wiki nyingine tutaimwagia mitini.

Rindala alikuwa ndani ya mwezi wa nane wa mimba, na hakuna aliyethubutu kuutaja huo mwezi.

Shibli akaenda kwa mama. Walizungumza jikoni, mlango umerudishwa, na alipotoka alikuwa na ufumbuzi. Ataweka kahawa. Kahawa inaendana na bia nyeusi, dunia nzima wanaweka, na kahawa, kama mama alivyosema, inafaa kwa lolote litakalotokea. Nilimuuliza kama amejisikia alichosema. Akaniambia nisitafute maneno. Nikamwambia maneno sijayatafuta, ameyaleta yeye, na kwamba atajuta. Akaponda kahawa, akailoweka kwenye maji baridi ndani ya mtungi wa kioo, na kesho yake mchana akashuka nayo ghalani, mimi nyuma yake na kreti la chupa.

Tulikuwa tumeshafungua pipa tuliposikia mtu kwenye ngazi. Rindala hakuwa ameshuka kule tangu mimba ilipoanza. Alikuja ngazi kwa ngazi, kiganja ukutani, na alipofika katikati akasimama kunusa.

"Hiyo kahawa ni ya nini?"

"Ya bia," Shibli alisema. "Inaleta ladha nzuri."

"Ina sukari?"

"Hapana. Sukari itaamsha hamira."

Rindala aliketi palepale kwenye ngazi. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Kahawa chungu," alisema. "Nani kafa, Shibli?"

Shibli alibaki na mtungi mikononi. Mama, ambaye husikia mlango wa ghala hata akiwa kanisani, alikuwa ameshafika juu ya ngazi nyuma ya Rindala. Akaanza kueleza kwa upole kwamba ni tahadhari tu, kwamba bia haiwezi kungoja, kwamba kahawa haimdhuru mtu. Alimwita mwanangu. Alisema wote tunamlinda.

"Hamnilindi, mama. Mnajilinda nyinyi." Rindala hakugeuka kumtazama. "Ghattas hamkumpa hata kikombe kimoja cha kahawa. Huyu hajafika, yake mmeshamlowekea."

Jina lile lilikuwa halijatamkwa katika nyumba yetu kwa zaidi ya miaka miwili. Baba na mjukuu wake walikuwa wamepotea pamoja ndani ya jina moja. Shibli alitua mtungi wa kahawa chini kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

Rindala akaendelea. Alisema usiku mtoto anampiga mateke mpaka analia kwa furaha, na asubuhi anaingia jikoni akakuta watu wanamkwepa kama anayebeba habari mbaya. Alisema akifa, atakufa tusipomnunulia soksi na atakufa tukimnunulia. "Lakini akiwa hai, anakuja kwa watu ambao hawakumtengenezea kitu. Mimi sitaki aje hivyo. Tieni kisibiti."

Shibli alimtazama mama kule juu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona amemtazama na kisha hakungoja jibu. Tatizo lake likageuka kuwa la fundi. Alisema hata akitaka, vipimo havikumbuki. Kisibiti kikizidi kidogo bia inanuka sabuni, mdalasini ukizidi inakausha ulimi. Ile ya kwanza aliipatia kwa kuonja, na miaka imepita.

"Vipimo viko kule," Rindala alisema, akaonyesha rafu ya nyuma.

Mimi ndiye niliyekwenda. Nilichukua chupa moja, nikaipangusa vumbi kwa aproni, nikampa mdogo wangu kifunguo. Nilitegemea siki. Kifuniko kilitoa pumzi ndogo, na bia ikamiminika nyeusi, na povu lake rangi ya hudhurungi likapanda taratibu na kukaa. Harufu yake ilikuwa ya nyumba yenye mtoto mchanga. Aliyewahi kupika meghli hawezi kuikosea. Kila kona ya ghala ilijaa kisibiti na mdalasini, na kwa mara moja anisi ya baba ikawa imezidiwa nguvu.

Shibli aliinywa kwa makini, macho ameyafumba, midomo ikihesabu. Akanipa. Miaka ile miwili ilikuwa imeilainisha. Vikolezo vilikuwa vimeacha kupigania nafasi. Rindala alilowesha ulimi tu, akaishikilia glasi puani muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wenye glasi nyuma, juu ya bega lake, bila kugeuka.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliketi ngazi moja juu ya Rindala, magoti yake yakigusa mgongo wa mkwewe. Akanywa kidogo, akangoja, akanywa tena.

"Ni nzuri," alisema. "Alikuwa na nywele nyingi. Nyeusi, zimelala mpaka shingoni. Mimi ndiye niliyemwosha, Rindala. Walikuwa wamekulaza usingizi. Nilimwosha nikamfunga kitambaa cha ubatizo cha mumeo, na sikukuambia, kwa sababu nilidhani nikikuambia utakufa na wewe."

Rindala aligeuka. Kwa tumbo lile haikuwa kazi ndogo. "Sema tena habari za nywele," alisema.

Mama akasema tena. Akasema na vidole, virefu kama vya babu yake, na kidevu chenye kishimo. Akasema lile neno la jikoni lilikuwa neno la mwanamke aliyetafuta wa kumlaumu na kukosa ujasiri wa kumlaumu Mungu, na kwamba kila siku tangu siku hiyo ametamani Rindala amtukane yaishe. Walilia wote wawili pale ngazini, na Shibli akalia akiwa amesimama, na mimi nililia pia, ila nilijifanya napanga chupa.

Kisha mama akafuta uso, akapanda juu, na kurudi na mfuko wa kitambaa aliokuwa ameuficha nyuma ya magunia ya ngano ya burghuli. Ndani yake mlikuwa na kisibiti kilichosagwa laini, tayari kwa meghli. Nilimuuliza alikinunua lini. Akasema Pasaka, na akaniambia nisimtazame hivyo.

Kazi iliyobaki ilikwenda kwa utaratibu wake. Kwanza Shibli aliihamisha bia kwa mpira kwenye pipa safi, akaliacha lile tope nyuma. Vikolezo tulivitia kwenye kopo na kuvifunika kwa araki ya mwisho aliyoipika baba, maana huwezi kuvitupa vikavu ndani ya bia ukaingiza wadudu wa sokoni. Mama aliimwaga araki ile kwa mkono wake, na kwa ukarimu ambao baba angeukemea. Kopo lilikaa siku chache, tukalitikisa kila tulipopita. Lilipokuwa tayari, Shibli alichuja maji yale ya kahawia na kuyatia kwenye pipa kidogo kidogo, anakoroga, anavuta glasi, anampa Rindala anuse. Ile chupa ya zamani ilikuwa pembeni kwa kulinganisha. Rindala alisema bado, akasema bado, kisha akasema hapo. Mama alitaka kuongeza sukari vikombe viwili, kwa kuwa meghli haiwezi kukosa sukari, na ilibidi tumshike mkono. Shibli alimweleza kwamba sukari inayohitajika ni ile kidogo tu ya kuleta povu, na ikizidi atalala chini tena kama mwaka ule. Mama akasema basi bia ni kitu cha wachoyo.

Chupa niliziosha mara mbili. Rindala aliketi kwenye mashine ya kuzibia na kubana kifuniko kimoja kimoja, na baada ya hapo akamtuma Shibli mjini kununua soksi.

Bia iliyozibwa inahitaji kama wiki mbili ili ipate povu. Mtoto hakuijua hesabu hiyo. Alikuja kabla, alfajiri ya Jumapili, wa kike, mdogo, mwekundu, na alilia mpaka muuguzi akacheka. Walimwita Jumana. Mama alirudi kutoka hospitalini, akavua viatu, na akaanza kukoroga meghli kwenye sufuria kubwa kabla hata ya kutua mkoba.

Siku ya wageni Shibli alifungua chupa moja mpya, akaitazama kwa huzuni. Tamu nusu, haina uhai, maji ya mkaa. Akasema itabidi wageni wanywe juisi ya mulberi kama kwa watu wengine. Mama alishuka ghalani peke yake na kupanda na kapu, na ndani ya kapu zilikuwemo chupa zote za rafu ya nyuma, amezipangusa zikang'aa.

Sebule ilijaa. Rindala alikuwa kwenye kochi na Jumana kifuani. Mama Tanus wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameketi karibu kabisa, kibakuli cha meghli magotini, na mama akamwekea glasi ndogo nyeusi mkononi. Mama Tanus alionja, akainua nyusi, akasema hii si mpya, hii imekaa, na akauliza tulijuaje kuitengeneza mapema hivyo.

"Ni ya kaka yake," mama alisema, kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni. "Ghattas. Kunywa, mwenzangu, ulikuwa na deni la kuingia."

Mama Tanus aliitazama glasi, akaimaliza yote, akainuka na kumbusu Rindala pande zote mbili. Akamwombea Jumana alelewe katika heshima ya wazazi wake. Halafu akamshika Rindala mkono na kumwita Mama Ghattas, na wanawake wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja na glasi yake.

Nilimkuta Shibli jikoni, amegeuzia mlango mgongo, bomba limefunguliwa lote, anaosha glasi ambayo hakuna aliyeinywea. Nilimnyang'anya, nikaiosha upya.